Raba ya mazoezi huchaguliwa kwa mguu, si kwa macho



Ndugu msomaji, makala haya nayaandika kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita alikuja zahanati mzee mmoja ambaye tunaswali naye msikiti mmoja. Sukari yake ilikuwa juu na uzito umezidi. Nikampa dawa, nikamweleza habari ya chakula, kisha nikamwambia maneno tunayowaambia wagonjwa wengi: "Mzee wangu, fanya mazoezi. Kila baada ya Alfajiri tembea nusu saa, ukishazoea uchanganye na mbio za polepole." Akaitikia, akashukuru, akaenda zake.

Baada ya wiki tano alirudi anachechemea. Nilipomvua raba nilikuta kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kipana kama sarafu, na kimeshaanza kutoa harufu. Raba yenyewe ilikuwa ya mwanawe, namba moja pungufu ya mguu wa baba, na ndani mshono umefumuka na kusimama kama ukingo. Nikamuuliza, "Mzee, hiki hakikuumi?" Akanijibu, "Hakiumi, mwanangu. Kingeuma ningekuja zamani. Wewe si uliniambia nitembee? Basi nimetembea."

Kidole kile kilikatwa katika hospitali ya rufaa. Mzee yu hai, alhamdulillah, na hadi leo anatembea. Lakini tangu siku ile nimejifunza kwamba anayemwambia mtu afanye mazoezi bila kumuuliza atavaa nini amemaliza nusu tu ya kazi yake. Leo, inshaallah, namalizia ile nusu iliyobaki.

Mguu unabeba nini?

Mguu mmoja, kuanzia kifundo hadi vidoleni, una mifupa 26 iliyofungwa pamoja kwa kano na misuli. Mtu anapotembea, wakati wote unyayo mmoja uko chini. Anapokimbia, kuna nukta miguu yote iko hewani, kisha uzito wote unatua juu ya mguu mmoja. Kwa wakati huo mguu unapokea nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70, kila anapotua, mguu wake unapokea kishindo cha kilo 140 hadi 210. Katika mbio za polepole, kilomita moja ni hatua zipatazo elfu moja. Akikimbia kilomita tano, kila mguu umetua kama mara 2,500.

Sasa fikiria raba inayobana kidogo tu, au yenye mshono unaokwaruza. Kile kinachoonekana kidogo unapojaribu dukani kinarudiwa mara 2,500 katika asubuhi moja. Ndiyo maana watu wengi wanaanza mazoezi kwa hamu, na baada ya wiki mbili wanaacha. Mmoja kucha imekuwa nyeusi, mwingine ana malengelenge, mwingine kisigino kinamchoma kila anapoamka, mwingine anaumwa muundi. Si kila maumivu hayo yanatokana na kiatu. Mengi yanatokana na kuanza kwa pupa. Lakini kiatu kisichofaa huyaleta upesi na kuyazidisha.

Wapo wanaosema, "Mbona Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki peku?" Ni kweli, alishinda hivyo Roma mwaka 1960. Lakini Bikila alikuwa amefanya mazoezi peku muda mrefu, na unyayo wake ulishakuwa mgumu. Tena mwaka 1964 mjini Tokyo alikimbia amevaa viatu, akashinda tena na kwa muda mfupi zaidi. Njia zetu zina vioo, misumari na mchanga unaounguza. Mtu aliyezoea kukaa ofisini au dukani asiige peku ya Bikila.

Pima mguu nyumbani kwanza

Kosa la kwanza la wengi ni kwenda sokoni na namba ya kichwani: "Mimi navaa 42." Namba hiyo pengine uliijua ukiwa na miaka ishirini. Mguu hubadilika. Umri, uzito na ujauzito huufanya kuwa mrefu au mpana zaidi. Tena mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na huvimba zaidi unapokimbia. Kwa hiyo pima jioni, baada ya Alasiri au Magharibi, si asubuhi ukitoka kitandani.

1. Weka karatasi sakafuni, ukingo wake ukigusa ukuta. Vaa soksi utakazokimbilia.

2. Simama juu ya karatasi, kisigino kiguse ukuta, uzito ukiwa kwenye mguu huo. Usipime umekaa, kwa sababu mguu usio na uzito ni mfupi.

3. Mwambie mtu wa nyumbani achore kuuzunguka mguu, penseli ikiwa wima.

4. Pima kutoka ukutani hadi ncha ya kidole kirefu kuliko vyote. Kwa baadhi ya watu kidole hicho si gumba, ni cha pili. Pima pia upana, pale vidole vinapoanzia.

5. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili. Ni kawaida mmoja kuuzidi mwingine. Kiatu hununuliwa kwa kufuata mguu mkubwa.

Kwenye urefu uliopata ongeza sentimita moja hadi moja na nusu. Huo ndio urefu wa ndani wa raba yako. Mwenye mguu wa sentimita 25.5 atafute raba ambayo ndani ina sentimita 26.5 hadi 27. Kata ule mchoro ukunje mfukoni, uende nao sokoni.

Namba za viatu zinachanganya

Kwenye ulimi wa raba kuna kikaratasi chenye namba nyingi. Namba za Ulaya, kama 41 na 42, zinapishana kwa theluthi mbili za sentimita. Za Uingereza zinapishana kwa theluthi moja ya inchi, yaani karibu milimita nane na nusu. Za Marekani zinapishana vivyo hivyo lakini zinaanzia mahali pengine, hata raba ya kiume iliyoandikwa 9 ya Marekani huwa karibu na 8 ya Uingereza. Alama ya CM au JP ndiyo inayokaribia zaidi kile kipimo chako cha karatasi.

Hata hivyo viwanda havilingani. Namba 42 ya kiwanda kimoja inaweza kukubana, na 42 ya kiwanda kingine ikakupwaya. Kwa hiyo namba ikuoneshe pa kuanzia tu. Raba nyingi za kukimbilia soli yake ya ndani hutoka. Itoe, uiweke chini, usimame juu yake au uweke ule mchoro wako. Ikiwa vidole au pembe za mguu zinamwagika nje ya soli hiyo, raba hiyo si yako, hata muuzaji akuapie.

Ukiwa dukani

Vaa raba zote mbili, funga kamba, simama. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Vidole viweze kujitanua na kucheza. Kisigino kikae imara, kisipande na kushuka unapotembea. Katikati ikushike bila kukukaba. Kisha tembea, na ukiruhusiwa kimbia hatua chache nje ya duka.

Muuzaji atakwambia, "Itaachia, vaa tu." Usikubali. Raba ya kukimbilia inatakiwa iwe nzuri mguuni tangu siku ya kwanza. Inayouma dukani itauma zaidi barabarani.

Wengine wataambiwa kwamba wenye unyayo bapa lazima wanunue raba ya aina fulani ya gharama kubwa, na wenye unyayo uliopinda sana aina nyingine. Kati ya mwaka 2009 na 2010 zilichapishwa tafiti zilizofanywa kwa askari wapya wa Marekani, katika jeshi la nchi kavu, la anga na la wanamaji. Kundi moja lilipewa raba kulingana na umbo la unyayo, kundi jingine likapewa raba za aina moja bila kujali umbo. Waliopewa kwa kufuata umbo la unyayo hawakupungukiwa na majeraha kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo mtu asiye na maumivu asitishwe na unyayo wake bapa. Aangalie vipimo na namna raba inavyotulia mguuni. Mwenye maumivu ya muda mrefu, huyo aende akapimwe.

Tutofautishe pia viatu. Njumu ni za uwanja wa nyasi, ukizikimbilia kwenye lami zitakuumiza. Raba nyembamba za kitambaa, zile za shuleni, zinafaa kutembelea dukani, lakini hazina sponji ya kupokea kishindo kwa mtu mzito anayeanza kukimbia. Ama jina kubwa ubavuni mwa raba si dhamana ya kitu. Feki zimejaa, na mguu hausomi jina.

Raba za mtumba

Najua wengi wetu tunanunua mtumba, nami ni miongoni mwao. Si aibu. Raba nzuri ya mtumba inaweza kuwa bora kuliko mpya ya feki. Lakini ujue unachokagua. Uhai wa raba ya kukimbilia uko kwenye ile sponji ya kati, baina ya soli ya chini na mguu. Kwa kawaida sponji hiyo huchoka baada ya kilomita 500 hadi 800, na hukakamaa kwa kukaa muda mrefu hata kama haikutumika sana. Mtumba unaong'aa kwa kufuliwa unaweza kuwa umeshakufa ndani. Kagua hivi:

1. Iweke juu ya meza au ubao ulionyooka, uitazame kwa nyuma. Ikiwa imelala upande mmoja, iache. Mwenyewe wa kwanza ameshaikunja kwa mwendo wake.

2. Bonyeza sponji kwa kidole gumba. Inatakiwa ibonyee na kurudi. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi ya ubavuni isiyonyooka, imechoka.

3. Ikunje. Raba nzuri hujikunja pale vidole vinapoanzia. Inayojikunja katikati haikushiki.

4. Minya sehemu ya kisigino kwa nyuma. Iwe imara, isibonyee kama karatasi.

5. Ingiza mkono ndani, papasa kote. Tafuta mshono uliofumuka, kitambaa kilichochanika, ncha ya msumari. Kipapaso hiki cha nukta chache kingeokoa kidole cha yule mzee.

6. Tazama gundi. Soli iliyoanza kuachia inaweza kukubandukia njiani.

Ukifika nyumbani, toa soli ya ndani na ikiwezekana uweke mpya, kwa sababu ile ya zamani imeshachukua alama ya mguu wa mtu mwingine, na huenda fangasi wake pia. Ifue raba kwa sabuni na uikaushe kabisa kabla ya kuivaa.

Kina mama na watoto

Dada na mama zetu wengi wanakimbia na kandambili au viatu vya wazi, kwa kuwa raba inaonekana ni kitu cha wanaume. Mazoezi ni haki ya mwili wa mwanamke pia, na anaweza kuyafanya kwa stara yake kamili. Apime mguu upya baada ya kujifungua, hasa mtoto wa kwanza, kwa sababu mguu unaweza kuongezeka na usirudi. Raba za kike nyingi ni nyembamba mbele. Ikimbana, achukue ya kiume inayomkaa, hakuna dhara. Na pindo la baibui liishie juu ya kifundo kidogo au livaliwe juu ya suruali pana, lisije likakanyagwa likamwangusha.

Watoto tusiwanunulie raba "ya kukulia" iliyozidi namba tatu, wala kurithishana raba iliyochakaa. Mtoto hukua haraka, na mara nyingi haambii mtu kwamba kiatu kinabana. Kila baada ya miezi mitatu bonyeza mbele ya raba yake akiwa amesimama, uone kama nafasi bado ipo.

Mwenye kisukari

Hapa ndipo ninapoomba tusome taratibu. Kisukari cha muda mrefu huua mishipa ya fahamu ya miguu. Mguu ukishapoteza hisia, mtu anaweza kukanyaga msumari asijue. Tena mwenye mguu usiohisi hupenda kiatu kinachobana, kwa sababu kile kinachomkaa vizuri hakisikii, anadhani kinampwaya. Kwa hiyo yeye asiulize mguu wake kama raba inatosha. Atumie karatasi na ile soli ya ndani.

Kipo kipimo chepesi cha nyumbani, kilichoanzia hospitali ya mji wa Ipswich, Uingereza. Mgonjwa avue soksi, alale au akae, afumbe macho. Mke, mume au mtoto amguse kwa ncha ya kidole, kwa wepesi kabisa, kwa nukta moja au mbili, bila kubonyeza wala kusugua. Aguse ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili, yaani mara sita. Kila anapoguswa aseme ni mguu gani. Akikosa kuhisi mara mbili au zaidi, hisia zimepungua. Asianze mbio. Aende kliniki ya kisukari akakaguliwe miguu na ashauriwe mazoezi yanayomfaa.

Aliye na hisia nzuri aanze kwa kutembea. Raba mpya aivae nusu saa tu siku ya kwanza, kisha avue na kutazama kama kuna wekundu au lengelenge. Kila kabla ya kuvaa aikung'ute na kupapasa ndani. Asikimbie bila soksi. Lengelenge asilitoboe nyumbani. Na kidonda chochote cha mguu, hata kidogo, hata kisichouma, ni cha kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Udhu, unyayo na raba

Nilijiuliza sana: yule mzee alikuwa akiosha miguu mara tano kwa siku, ilikuwaje kidonda kikue bila kuonekana? Jibu ni kwamba tunaosha huku tukitazama juu ya mguu. Maji yanafika chini, macho hayafiki. Basi walau mara moja kwa siku, katika udhu wa Isha kwa mfano, ukae, uugeuze mguu, utazame unyayo wote na katikati ya vidole. Asiyeweza kujikunja atumie kioo kidogo sakafuni au amwombe mtu wa nyumbani. Na anayepaka maji juu ya khofu badala ya kuosha, ajue kwamba muda wote huo hajauona mguu wake, ajiwekee wakati wa kuutazama.

Jambo la pili ni unyevu. Fangasi wa vidoleni wanapenda mahali penye joto na maji. Mtu anatawadha, anavaa soksi miguu ikiwa mibichi, anaingiza kwenye raba, anakwenda mbio. Hapo amewaandalia makazi. Kupitisha kidole kati ya vidole vya miguu tunakujua kuwa ni sunna. Baada ya swala, kabla ya soksi, pitisha na kitambaa kikavu pale pale.

Raba iliyolowa jasho ilegezwe kamba, itolewe soli ya ndani, iwekwe kivulini penye upepo kwa siku nzima. Jua kali na moto huharibu gundi na sponji. Unaweza kuijaza karatasi za gazeti zifyonze maji, ila lisiwe gazeti hili wala jingine lenye jina la Allah. Soksi zifuliwe kila baada ya mazoezi.

Mwisho

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 za mazoezi makali. Anza na matembezi, changanya na mbio kidogo kidogo, na ongeza polepole. Anayekimbia kilomita tano mara tatu kwa wiki, raba yake itachoka kati ya miezi minane na mwaka mmoja. Andika tarehe uliyoanza kuitumia chini ya ile soli ya ndani, usije ukasahau.

Yule mzee siku hizi akimwona kijana pale msikitini amenunua raba mpya, humwambia, "Hebu ivue, nipapase ndani kwanza." Vijana wanacheka. Mimi sicheki. Usiku wa leo, ndugu yangu, chukua karatasi na penseli, anza na miguu ya wazazi wako.

Wabillahi tawfiiq.